Turufu ya uru: hisa moja ya serikali inayokula zote

Jumamosi niliongea kwenye kikao cha kikundi chetu cha kununua hisa, tulikuwa kama arobaini hivi, wastaafu wengi na vijana wachache. Waliokosa wameniganda wiki nzima niwape maneno yale, basi nimeyaandika kama nilivyoyasema, na pale watu walipoingilia nimeacha humo humo.

Shikamooni wazee wangu. Kina mama na kina baba habari za asubuhi, vijana mambo vipi. Mwenyekiti kanipa nusu saa na mnanijua, nusu saa yangu huwa inazaa, kwa hiyo mwenye simu ya haraka atoke tu akapokee, sitanuna.

Naanza na karata. Humu ndani nani hajawahi kukaa barazani akacheza karata mpaka chakula kikapoa ndani? Mzee pale nyuma anacheka, anajua ninachosema. Ikishatajwa kwamba turufu ni uru, basi ile uru ndogo kabisa, ile ambayo siku nyingine ni takataka mkononi, ukiitupa inakula ree la shupaza la mwenzako na hana la kusema. Haya maneno yote mnajua yametoka wapi? Kwa Wareno. Karata ni ya kwao, turufu ni ya kwao, kopa, shupaza, pau, zote walituachia wao walipokuwa pwani hii. Na uru kwa Kireno ni dhahabu. Shikeni hapo kwa sababu Wareno wenyewe nitarudi kwao, kuna siku walicheza turufu ya dhahabu mbele ya dunia nzima na yaliyofuata ndo sababu ya mimi kusimama hapa.

Kwenye makampuni nako kuna turufu ya namna hiyo. Kampuni ina hisa milioni mia kadhaa, kila hisa kura moja, mwenye nyingi ndo mwenye sauti, hiyo tunaijua wote hapa na tumeshaumia nayo. Afu kuna hisa moja, moja tu, bei yake iliyoandikwa labda ni pauni moja au dola moja, gawio lake halinunui hata chai, huwezi kuipeleka sokoni ukampa dalali akuuzie, lakini kwenye katiba ya kampuni, ile mawakili wanaita memati, imeandikwa kwamba jambo fulani na fulani na fulani hayafanyiki mpaka mwenye hisa hiyo akubali kwa maandishi. Na mwenye hisa hiyo ni serikali. Ndo inaitwa hisa ya dhahabu.

Waliozieneza sana ni Waingereza, miaka ya 80, enzi za waziri mkuu wao Thatcher. Yule mama alikuwa anauza mali ya serikali kama mtu anayehama nyumba, simu mwaka 1984, gesi 1986, viwanja vya ndege 1987, maji 1989, umeme 1990. Sa wakati wanauza wakajishtukia, kwamba hivi tukiiweka Heathrow, kiwanja cha ndege cha London, sokoni leo, afu mtu ambaye hatumjui akaja akanunua zote, kesho si tutaomba ruhusa kwake ndege itue? Wakatafuta dawa. Kampuni iliyokuwa na viwanja, BAA, ikauzwa kwa wananchi lakini serikali ikabaki na hisa moja ya pauni moja. Katiba ikasema mtu mmoja asishike zaidi ya asilimia 15 ya kura, na kiwanja kikubwa kisiuzwe bila serikali kusema ndiyo. Hivyo tu. Serikali hailipi mishahara, haiweki hela ya kujenga, haikai kwenye bodi kubishana bei ya maegesho, imekaa pembeni na karata yake moja.

Ukisikia hivyo unasema mbona kitu kizuri, kwa nini kila nchi isifanye hivyo tukalala usingizi. Hata mimi nilikuwa nasema hivyo, niliwahi hata kubishana na shemeji yangu usiku kucha kwamba dawa ya ubinafsishaji ni hii. Nimekuja kubadilika baada ya kusoma karatasi zenyewe zinasema nini, maana maneno hisa ya dhahabu yanapendeza mdomoni kuliko kilichoandikwa chini yake.

Mfano hao hao Waingereza na umeme wao. Kulikuwa na kampuni 12 za kusambaza umeme mikoani, England na Wales, serikali ikazipa zote hisa za dhahabu. Ila zilikuwa na tarehe ya mwisho, kama maziwa ya paketi. Mwisho wa Machi 1995 zikaisha. Hata mwaka haujaisha kampuni ya Marekani inaitwa Southern ikawa imeshainunua ile ya kusini magharibi, na ndani ya miaka michache karibu zote zilikuwa zimeshabadilisha mwenyewe, Wamarekani wakajaa. Maji hivyo hivyo, zile za maji nyingi ziliisha mwisho wa 1994. Yani wananchi walioambiwa mwaka 1989 kwamba msijali serikali imebaki na neno la mwisho, wengi hawakuambiwa kwa sauti ile ile kwamba neno lenyewe ni la miaka mitano.

Na maji niyakalie kidogo. Kampuni ya maji ya London, Thames Water, iliuzwa 1989 ikiwa haina deni, serikali ilifuta madeni yote ya sekta kabla ya kuuza. Baadaye ikanunuliwa na Wajerumani wa RWE, afu 2006 ikachukuliwa na kundi lililoongozwa na benki ya Australia, Macquarie, wakakaa nayo mpaka 2017. Miaka ile deni likapanda kutoka pauni kama bilioni 3 na kitu mpaka zaidi ya bilioni 10, na sasa liko juu ya bilioni 15, mabomba yanavuja na maji machafu yanamwagwa mtoni na serikali inakuna kichwa. Sa mtu atasema unaona, wangebaki na hisa ya dhahabu! Mi nauliza, hisa hiyo ingezuia nini? Zilikuwa zinazuia mtu mmoja asishike zaidi ya asilimia 15. Kukopa zilikuwa hazigusi. Kampuni inaweza kuwa mikononi mwa wenyeji watupu, wamezaliwa hapo hapo kando ya mto, na bado wakaikopea mpaka ikashindwa kusimama. Ulinzi uliwekwa mlangoni, mali ikatokea dirishani.

(Hapa dada mmoja akauliza, kwani serikali ilishindwa kuandika na deni humo humo? Nikamwambia haikushindwa dada yangu, hawakuandika. Ndo maana nasema tusome karatasi.)

Haya, twende kwa Wareno.

Tarehe 30 Juni 2010, Lisbon, mkutano mkuu wa wenye hisa wa Portugal Telecom. Hii ndo ilikuwa kampuni ya simu ya taifa lao, na pamoja na mambo mengine ilikuwa inamiliki kampuni ya simu za mkononi Brazil, inaitwa Vivo, kwa ubia nusu kwa nusu na Telefónica ya Hispania. Mhispania akataka nusu ya mwenzake. Akaweka mezani euro bilioni 7.15. Kura zikapigwa, karibu asilimia 74 wakasema uza. Sisi ambao tumekaa kwenye mikutano mikuu tunajua, ikifika asilimia 74 watu wameshaanza kuangalia foleni ya chakula. Basi serikali ikanyanyua hisa zake. Ilikuwa nazo 500. Mia tano! Kwenye kampuni yenye hisa karibu milioni mia tisa, hata sisi kikundi chetu humu tungeweza kuwa nazo zaidi ya hizo. Ikasema hapana, na mnada wa bilioni saba ukafa pale pale ukumbini.

Mimi niliposoma habari ile nilipiga makofi peke yangu sebuleni, mama watoto akauliza kuna goli? Maana ni kitu ambacho mtu wa hisa chache unakiota, mnyonge anatupa uru ndogo na anaondoka na karata zote.

Ila haikupita wiki mbili. Tarehe 8 Julai Mahakama ya Ulaya kule Luxembourg ikatoa hukumu ya kesi iliyokuwa inangoja tangu zamani, kwamba hisa zile 500 zinavunja sheria za soko la pamoja, mtaji unatakiwa utembee kwa uhuru kati ya nchi wanachama wa Umoja wa Ulaya. Tarehe 28 Julai Mhispania akarudi na bilioni 7.5, serikali safari hii ikanyamaza, biashara ikapita. Kwa hiyo kwa upande mmoja unaweza kusema turufu ile iliwapatia wenye hisa euro milioni 350 za juu kwa mwezi mmoja, sio mbaya, madalali wengi hawawezi kazi hiyo.

Lakini hebu fikirini kidogo waliicheza kwenye nini. Vivo ni simu za Brazil! Hakuna bibi yeyote kijijini Ureno ambaye simu yake ingekatika kwa sababu Mhispania kanunua laini za São Paulo. Miundombinu ya lazima ya nchi yao ilikuwa ni nyaya zilizo chini ya barabara zao wenyewe, umeme wao, gesi yao. Karata ya mwisho mkononi wakaitupa kwenye mchezo wa ugenini.

Mwaka uliofuata nchi ikaishiwa. Wakaenda kuomba mkopo kwa Ulaya na IMF, bilioni 78, na kwenye masharti kulikuwa na lile la kuachana na hisa za dhahabu. Julai 2011 zikafutwa, kwenye simu, kwenye umeme, kwenye mafuta na gesi, kwa mpigo mmoja. Desemba ile ile serikali ikauza asilimia 21 na kidogo ya kampuni yao ya umeme, EDP, kwa Wachina wa Three Gorges, kama bilioni 2.7. Mwaka 2012 asilimia 25 ya gridi ya taifa ikaenda kwa State Grid ya China. Portugal Telecom yenyewe ikajifunga na kampuni nyingine ya Brazil, Oi, afu mwaka 2014 ikagundulika imekopesha euro milioni 897 kwa kampuni moja ya familia ya Espírito Santo, Rioforte, na hela ile haikurudi. 2015 simu za Ureno, zile za ndani kabisa, nyaya za chini ya barabara, zikauzwa kwa Altice ya Ulaya huko huko, bilioni 7.4. Siku hiyo hakukuwa na hisa 500. Hakuna mtu aliyenyanyua kitu.

Sisemi Wachina wamezima umeme Lisbon, taa zinawaka, hata Heathrow ndege zinatua kila dakika na humo ndani leo kuna hela ya Qatar na ya Saudia. (Ile hisa ya pauni moja ya BAA nayo mahakama iliitia doa mwaka 2003, na 2006 Ferrovial wa Hispania na wenzake wakaibeba kampuni nzima kwa pauni kama bilioni 10.) Ninachosema ni kwamba nchi inayodaiwa haina turufu. Inayo kwenye karatasi, ila aliyekukopesha anaiona mkononi mwako na anakuambia iweke chini kwanza ndo tuongee.

Mahakama ile lakini haikukataa zote, na hapa ndo mawakili huwa wanakimbilia. Tarehe 4 Juni 2002 ilitoa hukumu tatu siku moja, Ufaransa ikapigwa, Ureno ikapigwa, Ubelgiji ikashinda. Ubelgiji walikuwa na hisa za dhahabu kwenye mabomba ya gesi. Tofauti ilikuwa nini? Zao zilikuwa nyembamba. Waziri hakuwa anaombwa ruhusa kabla ya kila kitu, kampuni inafanya uamuzi wake, inamtaarifu, yeye ana siku za kuhesabika za kupinga, na anapinga mambo yale tu yaliyotajwa, yanayogusa mabomba yenyewe na usalama wa gesi, na ni lazima aeleze sababu, na kampuni inaweza kumpeleka mahakamani. Ufaransa kwenye kampuni yao ya mafuta, Elf, walikuwa wamejiandikia tu kwamba waziri anaweza kukataa kwa maslahi ya taifa, basi, maslahi gani hayasemwi. Yule aliyejiandikia kidogo ndo akabaki nacho.

Sa niwape ile ninayoipenda mimi. Iko mbali, New Zealand. Mwaka 1990 serikali yao iliuza kampuni ya simu kwa kampuni mbili za Marekani, Ameritech na Bell Atlantic, dola za kwao bilioni 4.25, pesa nyingi sana wakati ule. Wakabaki na hisa moja ya dola moja, wakaiita kwa jina la ndege wao yule asiyeruka, Hisa ya Kiwi, anaishika Waziri wa Fedha. Ilikuwa na yale mambo ya kawaida ya kuzuia mgeni mmoja asimeze kampuni nzima. Lakini waliandika na mengine. Simu za nyumbani, za hapo hapo mtaani, zibaki bure kupiga kama zilivyokuwa. Ada ya laini ya mwezi isipande kuliko mfumuko wa bei. Na aliye shamba, huko kwenye kondoo, asilipishwe ada kubwa kuliko wa mjini.

Mnaona tofauti? Hii haikuuliza tu kampuni ni ya nani, iliuliza simu ya bibi itakuwaje. Na ilikuwa inauma kwelikweli. Intaneti ilipoingia miaka ya 90 ile ya kupiga kwa modemu, watu wakagundua simu ya mtaani ni bure, basi wakawa wanaunganisha asubuhi wanaacha imelia siku nzima, laini zimejaa, kampuni inalia kwamba mitambo haikujengwa kwa mtu anayeongea masaa kumi bila kukata. Mwaka 1999 wakaleta namba maalum ya 0867 kwa ajili ya intaneti ili waondoe mzigo ule kwenye mitambo ya kawaida, na kelele zilizopigwa nchi nzima hapo! Watu wanabishana sentensi moja ya katiba ya kampuni kama wanabishana penalti. Natamani siku moja na sisi tufike huko, tubishane sentensi.

Wamarekani nao wameingia juzi tu, nitapita haraka. Juni 2025 Wajapani wa Nippon Steel waliruhusiwa kununua U.S. Steel kwa dola bilioni 14.9, sharti moja serikali ipate hisa ya dhahabu. Chuma sio bomba la maji, najua, ila angalieni orodha: jina lisibadilike, makao makuu yasitoke Pittsburgh, viwanda visifungwe ovyo, kazi zisihamishwe nje, hela ya uwekezaji iliyoahidiwa isipunguzwe. Imeandikwa kwa urefu na kwa vitu vinavyoshikika, hapo nawasifu. Kilichonishtua ni nani anaishika, kwamba kwa kipindi hiki haki hizo ni za Rais Trump, baadaye ndo zinarudi wizarani. Turufu ya nchi kuwekwa kwenye mfuko wa shati la mtu. Mi siipendi hiyo, hata angekuwa mtu ninayemshabikia.

(Mzee wetu mmoja, yule aliyekuwa mhasibu, akanyoosha mkono: "Mwanangu, kwani na sisi si tunayo ile asilimia 16 ya madini?" Swali zuri, na najua wengi mlikuwa nalo.)

Mzee wangu, ile ni kitu kingine. Marekebisho ya 2017 ya sheria yetu ya madini hapa Tanzania yanaipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 kwenye kampuni yenye leseni ya uchimbaji wa kati au mkubwa, bila kulipia, na hazipunguzwi hata kampuni ikiongeza mtaji. Hiyo ni mgawo wa mali, ni sahani yako mezani. Kama ile ya Airtel, serikali ilikuwa na asilimia 40, mwaka 2019 wakakubaliana ikapanda hadi 49. Ni umiliki, unakula gawio, unapiga kura kwa wingi wako. Hisa ya dhahabu haina sahani, ina ufunguo wa jikoni tu. Unaweza kuwa na moja bila nyingine, na unaweza kuwa na asilimia 49 na bado ukashindwa kura kila siku, maana 49 na 51 kwenye azimio la kawaida ni kama sifuri na mia.

Ila kuna namba moja ambayo ni turufu ya kimya kimya, na hii ndo nilitaka muondoke nayo leo hata mkisahau Wareno wote. Ni robo.

Nitawasimulia kwanza. Miaka kadhaa nyuma nilihudhuria mkutano mkuu wa kampuni moja, siitaji, nilikuwa na hisa mia nne. Ukumbi una kiyoyozi, kila kiti kina begi lenye fulana na kalamu, soda imefunguliwa tayari. Ajenda ya saba ilikuwa kubadilisha katiba ya kampuni, ikasomwa na dada mmoja kwa kasi ile ya tahadhari za matangazo ya dawa redioni, vipengele vinne kwa dakika moja. Nikanyoosha mkono. Mwenyekiti akaniona, nina uhakika aliniona, tuliangaliana kabisa, akasema wanaokubali? Mikono ya mbele ikanyooka, wale wenye hisa kubwa, azimio limepita, tuendelee na ajenda ya nane. Niliporudi nyumbani ndo nikakaa kusoma kilichopita, na nikajifunza kwamba azimio lile lilikuwa azimio maalum. Haliendi kwa nusu na mmoja. Linataka robo tatu ya kura zinazopigwa. Maana yake mwenye zaidi ya robo, akikaa chini tu na kusema sitaki, halipiti. Haihitaji hisa ya dhahabu, haihitaji sheria mpya, ni sheria ya makampuni ya kawaida, yetu ya 2002 inasema robo tatu na ya Kenya ya 2015 nayo inasema robo tatu.

Sa njooni jirani hapo, Kenya. Desemba 2025 serikali yao ilitangaza inauza asilimia 15 ya Safaricom kwa Vodacom, shilingi za Kenya 34 kwa hisa, jumla bilioni 204 na kidogo. Ilikuwa na 35, inabaki na 20. Vodacom kwa kununua hizo pamoja na nyingine kutoka kwa mzazi wake Vodafone anafika 55. Mabishano mengi niliyoyasikia yalikuwa kwenye bei, 34 ni ndogo, 34 ni nzuri, mbona 2008 wananchi waliuziwa kwa 5, na kadhalika. Bei ina wenyewe, mi siingii. Kilichonikuna ni hesabu nyingine. Mwenye 35 ana ile robo ndani yake, na zaidi. Akiwa peke yake bila kumpigia mtu yeyote simu anaweza kuzuia katiba ya kampuni isibadilishwe. Mwenye 20 hana uhakika huo peke yake, maana inategemea wangapi wamekuja kupiga kura. Akiutaka itabidi aende kuwatafuta wananchi wenye ile 25, waliotawanyika kuanzia Mombasa mpaka Kisumu, wengine wameshasahau hata namba zao za akaunti ya hisa, awaombe waje wapige kura.

Na tusijifanye hiyo ni kampuni ya simu tu. Mtu wa Kenya akiamka M-Pesa imekwama, mama mboga hauzi, matatu haijazwi mafuta, mtoto hatumiwi nauli. Hiyo ni barabara, ni bomba la maji, lina jina la kampuni tu. Basi kama unashuka kutoka 35 kwenda 20, na una sababu zako, una madeni, unataka kujenga, sawa, lakini siku hiyo hiyo unaposhuka ndo siku ya kuandika turufu. Mwenzako anakitaka kitu chako, kalamu iko mezani, anakusikiliza. Ukishasaini ukapokea hela ukarudi mwaka kesho kusema jamani nilisahau, nataka neno la mwisho kwenye miamala, atakuuliza unanunua kwa bei gani. Waingereza, Wakiwi wale wa New Zealand, wote waliandika siku ya kuuza. Na waandike kama Wakiwi na Wabelgiji, vitu vinavyoshikika, mtandao usizimwe, data za watu zikae wapi, ada ya kutuma hela ndogo isivuke hapa, waziri apewe siku zake aeleze sababu zake. Wakiandika maslahi ya taifa tupu, kila waziri atakuja na taifa lake.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Namalizia.

(Mama mmoja wa mbele, ndo mwenye hisa chache kuliko wote kwenye kikundi, akasema: "Mwanangu yote nimeelewa, lakini mimi na hisa zangu mia mbili hiyo karatasi unayosema tusome nitaipata wapi, nani atanipa?")

Mama, BRELA, ile ofisi ya serikali inayosajili makampuni. Faili la kampuni linaombwa, unalipa ada ya upekuzi, sio hela ya kutisha, na katiba ya kampuni imo, hata usipokuwa na hisa hata moja ya kampuni hiyo. Nyingi zimeandikwa Kingereza kile cha mawakili, ndo maana nimeongea na hawa vijana wawili, watatusaidia kuzipekua zile kampuni tatu tulizoweka hela zetu, wazichape, tuzisome pamoja kwa Kiswahili kifungu kwa kifungu. Tunaanza Jumamosi ijayo saa tatu, hapa hapa. Mje na miwani, maandishi ni madogo, na aliyesema ataleta maandazi safari hii alete kweli.